Barua ya wazi kwa wanaosimamia mafunzo ya afya ya akili ya watoto Mombasa: mtoto tuliyemwita Mpole

Kisauni, Mombasa

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia mafunzo ya wahudumu wa afya na walezi wa watoto, Mombasa.

Waheshimiwa,

MINT: MAFUNZO YA SIKU MBILI YASIYO NA UFUATILIAJI

Nawasalimu kwa heshima. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizileta kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninazo. Nilipokuja kuuliza niliambiwa faili liko juu. Nilipokuja tena niliambiwa mhusika yuko semina. Sasa naandika mbele ya watu wote. Sitaki kumwaibisha mtu. Jambo hili ni la watoto, na mtoto hawezi kupanda ngazi za ofisi kuuliza barua yake imefika wapi.

Mimi ni mama mlezi katika makao ya watoto, mwaka wa 14 sasa. Nimehudhuria warsha zenu sita kuhusu mshikamano wa mtoto na mlezi wake, ubongo, na tiba ya magonjwa ya akili. Vyeti vyote sita ninavyo. Kabla ya kuhesabu malalamiko yangu, niruhusuni niwasimulie habari za mtoto mmoja.

Aliletwa akiwa na miezi minane hivi. Wiki ya kwanza alilia hadi sauti ikamkauka. Kufikia wiki ya tatu alikuwa amenyamaza. Hakulia kwa njaa, hakulia akilowa, hakulia hata alipodungwa sindano ya chanjo. Tukamwita Mpole. Usiku tulikuwa walezi wawili kwa watoto kumi na wanane, na mlezi aliyechoka humshukuru Mungu kwa mtoto asiyelia. Wageni walipoleta maziwa na nepi tuliwaonyesha yeye kwanza. Alipofika miaka mitatu akawa anapanda pajani pa mtu yeyote, hata dereva wa tuktuk aliyeleta mchele, na mtu huyo akiondoka hageuki kumtazama. Tukasema ana mapenzi, hana ubaguzi. Wageni wakapiga naye picha.

Ilinichukua miaka kujua tulikuwa tukitazama nini. Nilijua nilipojilipia mwenyewe masomo ya ushauri nasaha, mwaka mzima, jioni baada ya zamu. Huko nilisikia habari za James Robertson, aliyefanya kazi na daktari John Bowlby na kukaa kando ya vitanda vya watoto katika hospitali za Uingereza, zama ambazo wazazi waliruhusiwa kuwaona watoto wao kwa nadra. Aliona mtoto akipita hatua tatu. Kwanza hulia na kumdai mama. Kisha hukata tamaa. Mwisho hujitenga, asionekane tena kumhitaji mtu. Kwa wauguzi wa wakati ule, mtoto wa namna hiyo alikuwa ametulia, amezoea wodi. Nilifunga daftari nikatoka nje ya darasa. Sisi nasi tulisema ametulia.

Katika warsha zenu sita hakuna hata moja iliyonifundisha kumtambua Mpole. Nilifundishwa majina ya sehemu za ubongo. Hayo ndiyo yanayonileta kwenu, na haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Wanaofundishwa si wanaomshika mtoto.

Kila warsha niliyohudhuria, viti vya mbele vilikaliwa na wakuu wa vitengo. Mimi niliingia kwa sababu msimamizi wetu alikuwa safarini. Mwenzangu anayewaogesha watoto, anayeamka saa tisa usiku kuchemsha maziwa, hajawahi kualikwa, maana akitoka yeye hakuna wa kubaki. Muuguzi wa kliniki ya watoto hajaalikwa. Mwalimu wa chekechea hajaalikwa, wala ustadhi wa madrasa ambaye watoto mia humpitia kila jioni. Mhudumu wa afya ya jamii amepewa begi lenye mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto na mizani. Ni begi zuri, nami nalishukuru. Lakini akiingia nyumba ya mama aliyejifungua wiki sita zilizopita, anayetazama ukuta huku mtoto akilia kando yake, mashine zote hizo zitamwambia kuwa mama huyo ni mzima.

Ubongo wa mtoto anapozaliwa una uzito wa kama robo ya ubongo wa mtu mzima, na akifika miaka miwili unakaribia asilimia 80. Ndani ya miaka hiyo miwili mtoto hakutani na mkuu wa kitengo. Hukutana na mama, nyanya, yaya, muuguzi wa chanjo na mama wa jirani. Kila anapolia mtu akamjia, kortisoli, homoni ya msongo iliyopanda mwilini, hushuka, na mwili ukajifunza kwamba shida ina mwisho. Haya hujengwa kwa mikono, tena ya watu ambao orodha zenu za waalikwa haziwajui.

2. Lugha.

Mafunzo huendeshwa kwa Kiingereza, kwa slaidi zilizoandikwa ng'ambo, na mifano ya watoto wenye vyumba vyao peke yao. Chumba kizima cha wasemaji wa Kiswahili, mwezeshaji naye mzaliwa wa Majengo, tunaongea kwa lugha ambayo hakuna mgonjwa wetu atakayeitumia. Mama wa Likoni haji kusema ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Husema: nina mawazo. Moyo unanienda mbio. Sina raha na mwanangu. Wengine husema amechezewa, yaani amerogwa, au ana mtu kichwani, yaani pepo. Muuguzi asiyefundishwa kuyasikia maneno haya kama dalili atampa dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani.

Kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kuanzia 2006 amewafundisha nyanya wa mtaani Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti yalionyesha kuwa waliohudumiwa na nyanya hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Neno la kufungisisa sisi tunalo. Ni mawazo. Hata nyanya tunao, na desturi ya arubaini tunayo, siku arobaini baada ya kujifungua ambazo mzazi hukandwa na kupikiwa uji huku nyumba haikosi watu. Mtu mwenye akili angeanzia hapo. Katika warsha sita sijasikia arubaini ikitajwa.

3. Baada ya cheti hakuna mtu.

Hili ndilo kubwa, na lau mngesoma moja tu ningetaka liwe hili.

Mpole alipofika miaka minne alipatiwa shangazi Likoni. Ilikuwa sawa kabisa. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka mtoto alelewe katika familia, imetambua hata kafala, yaani malezi ya mtoto kwa taratibu za Kiislamu, na mkakati wa taifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unasema watoto watoke kwenye makao. Sipingi. Nimeishi ndani ya makao na najua yasichoweza kumpa mtoto. Lakini siku tuliyomkabidhi, shangazi alipewa karatasi za kutia sahihi, kifuko cha nguo na nambari ya simu. Baada ya wiki tano alimrudisha. Alisimama getini akilia, akaniambia, "Dada, huyu mtoto hanipendi. Nikitoka halii. Nikirudi hanitazami. Akija muuza mandazi anamfuata."

Nilipiga simu kwa mwezeshaji wa warsha ya mwisho, aliyetuambia tumpigie wakati wowote. Haikupatikana. Nikapiga ofisini, nikaambiwa niandike barua. Hiyo ndiyo barua ya kwanza kati ya tatu mlizo nazo.

Basi nilifanya nilivyoweza. Siku zangu za mapumziko nilivuka feri kwenda Likoni. Nilimwambia shangazi kuwa mtoto huyu hajamkataa. Ameshafunzwa kuwa kulia hakuleti mtu. Tukakubaliana: amuage mtoto yeye mwenyewe kila anapotoka, amwambie atarudi saa ngapi, na akirudi amfuate yeye kwanza hata kama mtoto hakumfuata. Usiku amkalie mpaka alale. Asimkabidhi kwa jirani yeyote kwa miezi mitatu. Akianguka akanyamaza, amwendee kana kwamba amelia. Mara nyingi alichoka. Mara mbili alinipigia kusema anamrudisha, nikamwomba asubiri mpaka Jumamosi. Mwezi wa saba tangu tuanze, akanipigia asubuhi na mapema. Nilidhani ni msiba, maana alikuwa analia. Akasema, "Leo nimetoka kwenda sokoni, amelia. Amening'ang'ania buibui, amelia!"

Hii haikuwa kazi ya warsha. Ilikuwa kazi ya mtu wa kupigiwa simu. Nami sikuwa na mtu wa kumpigia mimi. Nilikuwa nikibahatisha kwa mtoto wa watu, na mambo mengine niliyakosea kabla sijayapatia.

Msiniambie kwamba ufuatiliaji ni anasa ya nchi tajiri. Huko Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kuwasaidia wazazi wenye sonona. Mafunzo ya darasani yalikuwa ya siku chache, kama yenu. Lakini kila mwezi walikutana na msimamizi wakazungumza juu ya akina mama waliowatembelea. Matokeo yalichapishwa 2008: mtoto alipofika miezi sita, asilimia 23 ya akina mama waliohudumiwa hivyo ndio waliokuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wengine. Na hapa kwetu Kenya, Bungoma, pamoja na Moshi kule Tanzania, watu wa kawaida wasio madaktari walifundishwa kuwatibu kwa mazungumzo watoto 640 waliofiwa na wazazi na kubaki na kiwewe. Walisimamiwa kila wiki. Matokeo yakatoka 2020, na huko Bungoma, vijijini na mjini, watoto waliopata tiba hiyo walikuwa bado wana nafuu zaidi ya wenzao mwaka mzima baadaye. Bungoma, Waheshimiwa. Si Baltimore ya Marekani.

4. Sayansi huchanganywa na uvumi.

Katika warsha mbili niliambiwa kuwa mtu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Si kweli. Katika nyingine tulionyeshwa kuwa mtoto asiyeshikamana na mlezi akamatwe kwa nguvu, abanwe mpaka alegee, ati hapo ndipo mapenzi huingia. Niliinua mkono nikauliza nani amethibitisha. Nikajibiwa tusonge mbele, muda umekwisha. Mwaka 2000, katika jimbo la Colorado, Marekani, msichana wa miaka 10 alikufa kwa kukosa hewa akifanyiwa kikao kinachofanana na hicho, na mwaka uliofuata jimbo hilo likapiga marufuku njia hiyo. Anayeandaa mafunzo ana wajibu wa kusoma kinachofundishwa kabla ya kukodi ukumbi. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 ipo. Iulizeni inamtambua nani.

5. Walezi wenyewe.

Nitasema kwa ufupi kwa sababu ni zito kwangu. Mlezi anayepata usingizi wa saa tatu tu, anayelipwa kidogo, aliyefiwa na hajapewa hata siku ya kulia, hawezi kumtuliza mtoto. Mtoto huazima utulivu kwa mtu mzima. Hakuna warsha iliyowahi kutuuliza sisi tunalalaje.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyatangulie.

Mtasema hakuna fedha. Nimekaa kwenye kumbi zenu za hoteli Nyali, nimekula chakula chenu, nimetia sahihi ya nauli. Fedha za siku mbili za watu arobaini hotelini zikipelekwa kwenye ukumbi wa zahanati, kwa chai na mandazi, zitabaki za kumlipa msimamizi mmoja azunguke vituo kwa miezi. Sijasema muongeze. Nasema mzihamishe.

Mtasema wataalamu hawatoshi. Ni kweli, na jopo lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilieleza hali hiyo ya nchi nzima katika ripoti yake ya 2020, likataka magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Ndiyo maana Harare iliwafundisha nyanya. Uhaba wa madaktari ni sababu ya kumsimamia vizuri mlezi, si ya kumwacha peke yake na cheti.

Mtasema, kama nilivyoambiwa na mmoja wenu kaunta, kwamba mambo ya mshikamano ni ya Wazungu, sisi watoto wetu hulelewa na ukoo. Hapa nitaomba mnisikilize. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth hakuanza kazi yake ya mshikamano katika maabara ya Marekani. Aliianza Uganda, 1954 na 1955, katika vijiji karibu na Kampala. Aliingia nyumba 26 akiwa na mkalimani, kila baada ya wiki mbili, akakaa sebuleni na akina mama wa Kiganda akiwatazama watoto 28. Ni kwa watoto hao wa Afrika Mashariki alikoona jinsi mtoto anavyotambaa kwenda mbali, akageuka kutazama kama mama yupo, akarudi kumgusa, akaenda tena, kama mashua na gati lake. Kilichoandikwa juu ya watoto wa jirani zetu kimezunguka dunia, kimeturudia kwenye slaidi, na sasa tunaambiwa si chetu.

Na mtasema makao yanafungwa, kwa hiyo hakuna haja ya kuwafundisha walezi wake. Ni kinyume. Huko Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 kutoka makao ya serikali. Nusu waligawiwa kwa kura wakapelekwa kwa familia za kambo, yaani za kuwalea watoto wasio wao, na familia hizo ziliandaliwa na kutembelewa na wafanyakazi wa ustawi. Watoto wakaendelea vizuri zaidi, kwa akili na kwa mshikamano, na hasa wale waliotolewa kabla ya kutimiza kama miaka miwili. Kuwatoa watoto kwenye makao ni nusu ya kazi. Shangazi wa Likoni alipewa nusu hiyo tu.

Kwa hiyo naomba haya, nami nayaomba kwa maandishi ili yajibiwe kwa maandishi.

Kwanza, kila mafunzo yatakayotangazwa kuanzia sasa yawe na msimamizi aliyetajwa, mwenye ratiba ya kukutana na waliofundishwa angalau mara moja kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Yasiyo na ratiba hiyo yasitoe cheti.

Pili, nusu ya nafasi ziwe za wanaomgusa mtoto kila siku: walezi wa zamu, wauguzi wa kliniki ya watoto, wahudumu wa afya ya jamii, walimu wa chekechea na wa madrasa, na wanaohudumia akina mama kwenye kliniki za methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini. Makao yapewe mtu wa kushika zamu siku hizo.

Tatu, mafunzo yawe kwa Kiswahili, na maneno ya dalili yakusanywe kwa wagonjwa wa hapa. Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwetu, watafiti wametengeneza kipimo cha makuzi ya mtoto kwa ajili ya watoto wa Pwani. Anzeni kwa kuwapigia simu.

Nne, kila familia inayopokea mtoto kutoka makao, ya ukoo, ya kambo au ya kafala, itembelewe kila wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo na mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

Tano, niambiwe ni mafunzo mangapi ya aina hii yamefanyika tangu 2022, yamegharimu kiasi gani, na ni wangapi kati ya waliofundishwa wamewahi kufuatiliwa. Naliuliza hili chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayowapa siku 21 za kujibu. Zikipita, nitapeleka nakala zote nne, na mihuri yenu juu yake, kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mpole sasa yuko darasa la pili, Likoni. Sisi tumepokea mtoto mwingine mwezi uliopita, wa miezi kumi. Alilia siku tisa. Tangu juzi amenyamaza, na mwenzangu wa zamu ya usiku, ambaye hajawahi kualikwa kwenye warsha, ameniambia kwa furaha kwamba huyu naye ni mpole. Ningependa mumtume mtu kabla ya siku 21.

Wenu mtiifu,

Mama mlezi, Kisauni, Mombasa.